Binti Analia, Kijana Anacheka, Woga ni Ule Ule



Leo twaongea na wewe uliye form three au form four hapa Kombani, Ngombeni, Waa, Tiwi na kwengineko Kwale. Pia na wewe uliyemaliza juzi, na ukikumbuka ile karatasi ya Kiingereza bado roho yakuuma. Na wazazi na walimu wakisoma, ahlan wa sahlan, manake sehemu kubwa ya maneno haya yawahusu wao.

Tuanze na jambo ambalo kila aliyepita sekondari huku kwetu amelishuhudia. Somo ni Kiingereza. Mwalimu amwita mwanafunzi asimame asome insha yake. Aanza: "My mother is a farmer. He wakes up early..." Hajafika nukta, darasa lote limepasuka kwa kicheko. Kuanzia siku hiyo kila akisimama kuna mtu wa nyuma atanong'ona, "My mother, he." Hilo ndilo jina lake mpaka amalize shule.

Hebu tujiulize, kosa lile limetoka wapi? Limetoka nyumbani, na si kwa ubaya. Kwa Kiswahili twasema mama anaamka, baba anaamka. Kidigo na Kiduruma navyo ni hivyo hivyo: lugha zetu hazimgawi mtu kwa uke na uume ndani ya kitenzi. Mtoto amezaliwa ndani ya lugha hiyo, amefikiri kwayo miaka kumi na mitano, leo atakiwa ndani ya sekunde moja achague "he" au "she" huku watu hamsini wamtazama. Akikosea amefuata kanuni ya lugha yake. Huo si ujinga. Ujinga ni wetu sisi tuliocheka.

Sasa tazama kinachofuata, kwa sababu hapa ndipo msichana na mvulana wanapoachana njia. Aliyechekwa akiwa msichana, atainamisha kichwa, machozi yatamlenga, na tangu hapo hanyooshi mkono tena. Akiwa mvulana, atacheka kwa sauti kuliko wote, afanye mchezo, kisha wiki ijayo ahamie dawati la nyuma. Mwalimu aandika kwenye ripoti: msichana huyu ni mnyonge, hajiamini. Mvulana huyu hana adabu, hataki kusoma. Ripoti mbili tofauti, ugonjwa mmoja. Wote wawili wana woga.

Hilo ndilo neno letu la leo. Woga wa mtihani wa Kiingereza upo kwa wasichana na upo kwa wavulana. Tofauti ni jinsi unavyoonekana, na mlango gani mtoto anautumia kuukimbia.

WOGA WENYEWE NI KITU GANI?

Wataalamu wameliangalia jambo hili siku nyingi. Mwaka 1967 watafiti wawili wa Marekani, Liebert na Morris, waligawanya woga wa mtihani sehemu mbili. Kuna ule wa mwili: moyo wapiga mbio, mikono yatoka jasho, tumbo lasokota. Na kuna ule wa mawazo: "Nikifeli baba atasema nini? Wenzangu wameshageuza ukurasa, mimi bado." Huu wa mawazo ndio unaoiba alama zaidi. Akili ya mtu ina nafasi ndogo ya kufanyia kazi kwa wakati mmoja, na nafasi hiyo ikijaa maneno ya hofu, swali lakosa pa kukaa. Ndiyo maana mtu atoka chumba cha mtihani, afika kwenye mti nje, majibu yote yamrudia.

Lugha ya kigeni nayo ina woga wake maalumu. Mwaka 1986 Elaine Horwitz na wenzake, huko Texas, walieleza kwamba mtu anayejifunza lugha si yake hubeba mizigo mitatu kwa pamoja: kuogopa kuongea, kuogopa mtihani, na kuogopa watu watamuonaje. Soma hiyo ya tatu tena. Kuogopa watu watamuonaje. Yaani kile kicheko cha form one hakikuisha pale darasani. Mtoto amekibeba miaka minne, ameingia nacho chumba cha KCSE.

Na huyu mwengine, Ray Hembree, mwaka 1988 alikusanya tafiti 562 za Amerika ya Kaskazini kuhusu woga wa mitihani. Alipata kwamba woga huu kweli hushusha alama, na kwamba wasichana huonyesha woga zaidi kuliko wavulana. Lakini alipata pia jambo ambalo kila mzazi wa Kombani afaa kulisikia: woga huu una tiba, na ukipungua, alama hupanda.

SASA MBONA WASICHANA WAKO MBELE?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Ikiwa wasichana ndio wenye woga zaidi, na woga washusha alama, basi Kiingereza wangefeli wao. Lakini waziri anapotangaza matokeo ya KCSE, mara kwa mara ni wasichana wanaotajwa kuwa mbele kitaifa katika Kiingereza na Kiswahili.

Maana yake ni moja: kiwango cha woga si kipimo cha akili. Binti anayetetemeka huenda ndiye aliyesoma kuliko wote, na bado anapata chini ya haki yake. Kama ni B kwa kutetemeka, angepata nini akiwa ametulia? Kwa upande wa pili, kijana anayesema "mimi siogopi kitu" usimuamini haraka. Mvulana amelelewa kuambiwa mwanamume haogopi. Ukimuuliza kama aogopa atakwambia la. Mtihani ndio utakaosema kweli.

Kwa hivyo tusiutumie woga wa binti kama ushahidi kwamba wasichana ni dhaifu. Na tusiutumie ukimya wa kijana kama ushahidi kwamba yeye yuko sawa.

MILANGO MIWILI

Msichana wa Kombani akiingia chumba cha mtihani haingii peke yake. Usiku wa jana amepika, ameosha vyombo, amemlaza mdogo wake, kisha ndipo akafungua kitabu. Ndugu yake wa kiume alikuwa nje, akaja akala, akasoma au asisome. Hatusemi nyumba zote ni hivyo, lakini wewe unayesoma waijua nyumba yako.

Kuna na siku za mwezi. Tangu 2017 sheria ya elimu ilibadilishwa ili serikali iwape wasichana shuleni sodo bila malipo. Ni haki, si hisani. Binti anayekaa juu ya dawati saa mbili na nusu akiogopa sare yake itachafuka, hafanyi mtihani mmoja, afanya miwili.

Halafu kuna lile ambalo halisemwi kwa sauti: matokeo yakiwa mabaya, yeye hana nafasi ya pili. Kijana akipata D, watu watasema atarudia au atafuta kazi. Binti akipata D, wako ambao tayari wana posa mfukoni, na wako wenye nambari ya wakala wa kazi za nyumbani huko Ghuba. Yeye hili alijua tangu form two. Unapomuona atetemeka, haogopi karatasi ile tu. Aogopa kinachomngoja nyuma ya karatasi.

Mvulana mlango wake ni mwengine, na wenyewe uko wazi mchana kutwa. Pale stejini Kombani, njia panda ya kwenda Kwale, pikipiki zimepangwa. Ukimuuliza kijana kwa nini ameacha shule, atakwambia pesa. Ni kweli, umaskini upo na hatuufichi. Lakini wengine wao kabla ya kuacha shule kwa ajili ya pesa, walikuwa washaacha darasa kwa ajili ya aibu. Bodaboda haikuulizi "he" wala "she". Haikuchekelei. Mtu ambaye darasani alikuwa mjinga, barabarani ni dereva.

Na hapa kuna ushahidi mkubwa ambao twapita nao kila siku bila kuuona. Panda matatu, mwendo mfupi tu, shuka Ukunda, uende ufuoni Diani. Utakuta vijana walioacha shule mapema, wengine bila cheti, wanaongea Kiitaliano na Kijerumani na watalii, wanatania, wanafanya biashara. Nani aliwafundisha? Hakuna aliyewapa alama. Hakuna aliyewapigia mstari mwekundu. Mtalii akisikia kosa anatabasamu, anasahihisha, mazungumzo yanaendelea. Kwa hivyo tusirudie tena ule uongo kwamba watu wa Pwani lugha za kigeni haziwaingii. Zinaingia vizuri sana pale ambapo kukosea si jinai.

TUNALO SULUHISHO NYUMBANI

Tuna mfano mwengine wa karibu zaidi. Mtoto huyu huyu anayeshindwa kusoma insha mbele ya wenzake, siku ya Maulidi asimama mbele ya kijiji kizima, wazee kwa akina mama, asoma kwa sauti bila kutetemeka. Lugha ile nayo si ya mama yake. Mbona hapo haogopi?

Kwa sababu amerudia. Amesoma kwa sauti mara mia kabla ya siku yenyewe. Alipokosea, ustadh alimkatiza palepale, akamtamkia sawa, naye akarudia akaendelea. Wenzake hawakucheka kwa sababu kila mmoja wao alikosea palepale wiki iliyopita. Tusijidanganye, madrasa nazo zilikuwa na bakora zake, na hilo tuliache huko lilikobakia. Lakini njia yenyewe, ya kurudia kwa sauti na kusahihishwa bila kudhalilishwa, tunayo. Hatujaipeleka tu kwenye Kiingereza.

Na waliosoma visa vya Mitume wajua kwamba Nabii Musa, alayhi salaam, alipotumwa kwa Firauni, aliomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe. Kisha akaomba ndugu yake Harun awe pamoja naye. Mtume wa Mwenyezi Mungu hakuona haya kusema kwamba kifua kimembana na ulimi ni mzito, wala hakuona haya kutaka wa kumsaidia. Wewe kijana wa form four waona haya kwa nini?

KWA NINI HILI NI SUALA LA HAKI

Wako watakaosema, harakati yahusika vipi na woga wa mtihani? Yahusika. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi. Haki hiyo si kiti na dawati tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inakataza mwanafunzi kutendewa kwa njia ya kumdhalilisha, iwe kimwili au kisaikolojia. Kwa hivyo kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu ameongea Kidigo, au kumfanya kichekesho mbele ya darasa kwa sababu ya matamshi yake, si "kumkaza". Ni jambo ambalo sheria inalikataza.

Halafu tazama uzito wa Kiingereza chenyewe. Tangu KCSE ya 2023 gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja uliyofanya vizuri zaidi kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara, na masomo mengine matano bora. Hilo ni nafuu, na wengi wenu hamkuambiwa. Ukikwama Kiingereza, Kiswahili chako chaweza kukubeba. Lakini usipumzike. Baiolojia imeandikwa kwa Kiingereza. Jiografia hivyo hivyo. Hata karatasi ya dini yetu, IRE, maswali yake ni ya Kiingereza. Mtoto aliyeijua sira tangu ana miaka saba akosa alama kwa sababu hakuelewa swali lataka nini. Kiingereza ni mlango wa masomo yote, na mlango huo haufai kulindwa kwa kicheko.

Kaunti ya Kwale imetoa basari nyingi kupitia mpango wa Elimu ni Sasa, na twashukuru. Lakini karo ikishalipwa, nani atalipia hofu?

WA KUFANYA NI HAYA

Wewe mwanafunzi. Kwanza, jua unachokiogopa. Kiingereza cha KCSE kina karatasi tatu zenye alama 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60: uandishi wa kiutendaji, kujaza mapengo, na maswali ya kuongea. Ya pili alama 80: ufahamu, dondoo la kitabu, ushairi, sarufi. Ya tatu alama 60: insha ya kubuni na insha za vitabu vilivyowekwa. Na sikiliza vizuri: hata hayo maswali ya kuongea hujibiwa kwa kuandika. Hakuna mtu atakayesikiliza lafudhi yako. Kile walichokucheka miaka minne, mtihani hausikii.

Pili, fanya mazoezi ya mtihani wenyewe, si kusoma tu. Chukua karatasi ya zamani, weka saa, kaa kimya, andika mpaka muda uishe. Fanya hivyo kila Jumamosi. Mwili ukishazoea hali ile, siku yenyewe hautashtuka sana.

Tatu, andika hofu yako. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Ramirez na Beilock, waliwapa wanafunzi dakika kumi kabla ya mtihani waandike kinachowatia wasiwasi. Wale wenye woga mwingi walioandika walifanya vizuri zaidi kuliko wenye woga kama wao ambao hawakuandika. Haikufaulu kila ilipojaribiwa baadaye, lakini kipande cha karatasi na kalamu havikugharimu kitu. Jaribu kwenye mtihani wa majaribio kwanza.

Nne, ukiwa ndani na kichwa kimeganda, weka kalamu chini. Vuta pumzi taratibu mara tatu, nne. Anza na swali unalolijua. Hakuna sheria inayokulazimisha kuanza na swali la kwanza.

Wewe mwanafunzi unayecheka wenzako. Acha. Wallahi hujui umebeba dhambi ya nani. Mtu akikosea, mnyamazie, kisha umueleze pembeni.

Wazazi. Oktoba na Novemba, kazi za nyumbani zigawanywe. Kijana aweza kuteka maji na kuosha sufuria, mikono yake haitakatika. Na lile neno la "ukifeli nakuoza" liondoke kabisa nyumbani, hata kwa mzaha. Mama, baba, mtoto wako hachekeshwi nalo. Alala nalo.

Walimu wetu, twawaheshimu, na twajua madarasa yamejaa. Twaomba jambo dogo: kwenye insha, msiandike mistari myekundu thelathini. Chagueni makosa matatu, yasahihisheni hayo, wiki ijayo mengine matatu. Na msimpime mvulana kwa kelele zake wala msichana kwa ukimya wake. Mwiteni kila mmoja peke yake mumuulize: waogopa nini?

Nyinyi mliomaliza KCSE na mko nyumbani mwangoja matokeo au chuo, hii ni kazi yenu. Baada ya Isha, ndani ya madrasa au barazani, saa moja tu. Wasichana na dada zao, wavulana na kaka zao. Kila mtu asome ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti. Kanuni ni moja: hakuna kucheka. Mvulana aliyeshindwa kusema "naogopa" darasani, huenda akamwambia kaka aliyeogopa kabla yake.

KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 imepangwa 2027. Mfumo mpya unaahidi kumpima mtoto kidogo kidogo badala ya siku moja. Tunaupokea kwa matumaini. Lakini tusidhani mtaala utatuondolea aibu tuliyoipanda wenyewe. Darasa linalocheka litacheka tu, iwe form three au grade kumi.

Kwa hivyo leo ukikutana na binti analia nyuma ya darasa, na kijana acheka kwa sauti kubwa karibu na geti, wakalishe pamoja. Waambie wote wawili kwamba wanachokiogopa ni kimoja, na kwamba hakuna kati yao aliye mjinga.

Mtumie mdogo wako ujumbe huu. Mwenyezi Mungu awafungulie vifua vyenu na ndimi zenu. Amin.